Mkwe Anayefuga Buibui

Ndugu yangu Zadock alipata mke kwenye makambi ya Wasabato, na nusura ampoteze kwa sababu ya buibui. Ukimwuliza yeye atakwambia mambo yalinyooka kwa akili yake. Mimi nakwambia yalinyooka kwa miguu yangu, na miguu yenyewe ilikuwa ndani ya viatu vipya vilivyonibana.

Makambi yale yalikuwa upande wa Kisii, mwaka wa 1966. Zadock alikwenda kusikiliza mahubiri akarudi na jina la msichana: Nyanchama, binti wa Mama Mokeira, wa kule milimani kwenye chai na ndizi. Sisi ni Wajaluo wa Homa Bay, watu wa ziwa na joto. Kijaluo cha Nyanchama kiliishia kwenye salamu, na Kikisii chetu hakikufika hata hapo, kwa hiyo nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili, na kwa jina la Mungu, ambalo sisi tunasema Nyasaye na wao wanasema Nyasae. Nilidhani watu wakishakuwa na hayo mawili wanaweza kuishi pamoja bila shida.

Tulimwita Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimtuma anakwenda, ukimsema anatabasamu. Mimi Filister, dada mkubwa wa Zadock, nilikuwa nimeolewa hapo hapo karibu, chini ya kilima cha Asego, na nauza samaki wakavu sokoni. Kila jioni nikifunga biashara nilipita kwake kuhakikisha anafundishwa mambo yetu vizuri. Nilimsifu soko zima. Nilisema, huyu hana neno.

Mwenye neno alikuwa Zadock. Kabla ya kuoa alifanya kazi bonde la Lambwe, kwenye kikosi cha kupigana na mbung'o. Homa ikamwangusha huko, akalala mwezi mzima kwenye kibanda cha kambi, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, alitazama paa. Paani kulikuwa na buibui. Watu wengine wakiugua hivyo hurudi wameokoka. Ndugu yangu alirudi na elimu ya buibui.

Kisha akajenga nyumba ya mabati, jiko akaliweka nje kama watu wa kisasa. Mama zetu walipika ndani, moshi ukajaa mpaka kwenye nyasi za paa, na wadudu wakajiondokea wenyewe. Nyumba ya Zadock haikuwa na moshi, basi kila chenye miguu minane katika kata yetu kilihamia humo. Naye akawapokea. Hakuua hata mmoja, na mtu akinyanyua ndala kuua, Zadock alimshika mkono. Alisema wanakula mbu na mende, hawaombi mshahara, na hawajawahi kumdhuru mtu.

Mgeni akifika kwake hakupewa kiti kwanza, alitembezwa. Ukutani kulikuwa na yule aliyempa jina la Bapa, kwenye pembe za dari kulikuwa na Mtetemeshi, dirishani alikaa Mruka. Kisha ulitolewa nje kwenye sukuma wiki na nyanya zake ukaonyeshwa mama mkubwa wa rangi ya njano na nyeusi, amekaa katikati ya utando kichwa chini, na kwenye utando ameshona mistari mizito ya kwenda na kurudi. Huyo aliitwa Mshonaji. Kwenye maua ya maboga kulikuwa na mwingine wa njano kama ua lenyewe, anayetembea upande upande kama kaa, na huyo ulilazimika kumtafuta mpaka macho yakuume, kwa sababu Zadock hakukuachia uende hujamwona.

Mimi naogopa buibui, nasema wazi. Mtu anayepasua kambare tangu utotoni hana mengi ya kuogopa, lakini kitu cha miguu minane ambacho hakitoi sauti kinanitoa jasho. Zadock alinicheka sana kwa hilo. "Muone Nyar Kisii," alikuwa akiniambia, "yeye haogopi." Na kweli Nyanchama alikuwa amesimama kando yake, ametulia, anatabasamu.

Matata yaliletwa na Gichana. Huyu ni binamu yake Nyanchama, mtu mzima mwenye tumbo lake, aliyekuwa akileta ndizi Homa Bay kwa basi. Siku moja alipita kumwamkia Nyanchama, akatembezwa nyumba nzima na bustani nzima, akarudi Kisii na habari. Alimwambia Mama Mokeira, "Mkwe wako anafuga buibui. Anawajua kwa majina. Mtu akitaka kuua mmoja, anakasirika."

Sasa elewa. Kule milimani wamesikia mengi kuhusu sisi watu wa ziwa. Wamesikia kuna anayefuga nyoka chunguni, kuna anayefuga mamba, kuna anayefuga kiboko na kumtuma usiku kwenye shamba la adui. Siwezi kusema wametuzulia, maana hata sisi wenyewe tunayasema hayo. Lakini buibui hakuna aliyewahi kuwasikia wakifugwa, na jambo ambalo halijawahi kusikika linatisha zaidi. Mama Mokeira alituma neno kwamba anakuja Jumapili kumchukua binti yake.

Zadock alipopata neno hilo alikaa chini kwenye matuta yake ya nyanya. Alimpenda Nyanchama, hilo halikuwa na ubishi. Jioni nilimkuta bado amekaa pale pale.

"Fagia," nilimwambia. "Leo. Toa wote."

"Nikifagia, dada, Gichana atauliza wameenda wapi. Nitajibu nini? Atasema nimewaficha."

Nilitaka kumpiga, lakini nilipofikiri nikaona ana haki. Mtu anayesingiziwa kwamba anaficha kitu, akifagia ndio kwanza amekiri.

Kulikuwa na shida nyingine. Kuna jambo moja ambalo Wajaluo na Wakisii hatujawahi kubishana: mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakutani mlangoni, na chumba anacholala mkwe, mama mkwe haingii hata kama kinawaka moto. Wakiwa na neno zito, linabebwa na mtu wa katikati. Zadock angejitetea vipi mbele ya mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Ndipo Zadock na mkewe wakanigeukia mimi.

Jumapili hiyo Mama Mokeira alifika na Gichana kwa basi la asubuhi. Alikuwa mama mfupi, amefunga kitambaa cheupe, na mwavuli aliushika katikati kama mtu anayetarajia kuutumia. Nilimkaribisha sebuleni. Zadock alikuwa ameshajiondoa, amekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mgongo kwa ukuta, ndani ya koti lake la Sabato katika jua lile. Nyanchama alimletea mama yake chai, akaweka na samaki na ugali mezani, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni. Gichana alianza kula mara moja.

"Mimi sikukuja kula," Mama Mokeira alisema. "Nimekuja kuchukua mtoto yangu. Nyanchama, leta sanduku yako."

Nyanchama alileta sanduku, akaliweka katikati ya sebule.

"Lakini," mama yake akaendelea, "mimi si mtu ya kuhukumu bila kusikiza. Dada ya mkwe, ile kitu iko kwa ukuta ni nini? Enda umuulize."

Sikuangalia. Nilijua ukuta ule. Nilitoka mlangoni, nikazunguka pembe ya nyumba, nikapita kwenye mawe na mavi ya kuku, viatu vinanifinya, nikamfikia Zadock.

"Anauliza kitu iko kwa ukuta."

"Kitu gani?"

"Buibui, Zadock! Kwani ni nini ingine iko kwa nyumba yako?"

"Dada, ziko aina nyingi. Uliza kama imelala bapa, na miguu imeenda kando."

Nikarudi. Mama Mokeira aliponisikia alishangaa.

"Lakini wewe uko hapa na macho. Angalia."

"Mama, mimi siangalii hiyo."

Akanitazama vizuri, kisha akainuka mwenyewe akaenda ukutani, mwavuli mbele. "Imelala kama imekaliwa na mtu," alisema. "Na karibu yake iko karatasi nyeupe, ndogo, mviringo. Mwambie hivyo. Hiyo karatasi ni dawa ya nani?"

Nikazunguka tena. Zadock aliposikia habari ya karatasi aliruka kutoka kwenye jiwe. "Si karatasi! Ni mayai! Amefunika mayai yake kwa hariri na anayalinda. Mwambie huyo ni Bapa. Hajengi utando. Anakaa tu ukutani mpaka mende apite. Ukimkaribia anakimbilia kwa ufa. Mtu hamuumi."

Mimi nilikuwa nimechoka, basi nilifupisha. "Anasema ni mzuri."

"Umezunguka nyumba yote," Mama Mokeira alisema, "nimesikia mtu akipiga kelele huko nyuma, na amesema hiyo tu?"

Nikasema yote. Alisikiliza, akakiinamia kile kitu cheupe, akaguna. Kisha akanyoosha mwavuli darini. "Na hii ya kona? Miguu mirefu, mwili hakuna. Nimeipulizia, ikaanza kutetemeka na nyumba yake yote."

Nikazunguka. Zadock alisema huyo hutetemeka akiogopa, ili adui asimwone vizuri, na kwamba ndiye mpole kuliko wote kwa mtu, ingawa kwa buibui wenzake ni muuaji. Nikarudi, nikasema, na mama akampulizia tena mara mbili kwa makusudi. Nikatumwa kuhusu aliye dirishani. Zadock akauliza kama ana macho mawili makubwa kwa mbele. Nikarudi kuuliza. Ndiyo, yako. Nikaenda kusema ndiyo, yako. Zadock akasema asogeze kidole polepole mbele yake aone.

Mama Mokeira alisogeza kidole. Kitu kile, ambacho si kikubwa kuliko punje ya mahindi, kiligeuka kikamwangalia. Akapeleka kidole kushoto, kikageuka kushoto. Akapeleka kulia, kikageuka kulia. "Nyasae!" alisema, na hilo halikuhitaji mtu wa kubeba. Alicheza naye mpaka chai ikapoa, na nikaona mwavuli umelala sakafuni.

Lakini hakuwa mtu wa kununuliwa kwa mchezo. Alijifuta mikono, akakaa, akauchukua mwavuli tena.

"Muulize," aliniambia, "yote ni mazuri? Hakuna hata moja mbaya? Na usifupishe."

Nilipomfikishia Zadock swali hilo alijikuna kidevu, na mimi moyoni nikamwomba Mungu ndugu yangu aseme uongo kidogo, kwa maana ilikuwa rahisi tu kusema yote ni mazuri na sisi sote twende tukale. Zadock hajui uongo. Ni kilema chake.

"Mwambie iko moja," alisema. "Nyeusi au rangi ya udongo, mviringo kama njugu, na chini ya tumbo iko alama nyekundu. Hupenda chini ya kuni, na kwa choo, mahali pa giza. Hiyo si ya kucheza nayo. Nikiipata naua, na kila Ijumaa nageuza kuni zote nikiitafuta."

Nilirudi nikiburuta miguu, nikasema kila neno. Mama Mokeira aliulaza mwavuli mapajani. Kisha akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Mtu anayefuga hangesema iko mbaya," alimwambia Gichana. "Mtu anayefuga angesifu yote."

Gichana, mdomo umejaa samaki, alikubali.

Baada ya hapo nikapoteza kazi yangu. Mama Mokeira alisogeza kiti karibu na ukuta wa nyuma, akaupa mgongo, akapaza sauti kidogo: "Na hiyo ya njano na nyeusi Gichana aliona kwa bustani, imeshona nini kwa utando?" Kutoka upande wa pili, mgongo wake nao ukiwa ukutani, Zadock akajibu kwamba watu wengi wamejiuliza, wengine husema ni ili ndege waone wasivunje utando, yeye hana hakika. Mama Mokeira akasema kwao iko ingine inayobeba watoto mgongoni, wamejaa kama abiria. Zadock akapiga kelele ya furaha, akasema huyo anamjua, hata mayai hubeba nyuma kwa mfuko. Mgongo kwa mgongo, ukuta katikati, hakuna aliyemtazama mwenzake. Heshima haikuvunjika, ila mimi niliachwa nimesimama mlangoni nikiwa na kidonda kisiginoni. Hakuna aliyenishukuru. Nilikasirika, nikavuta kiti, nikakaa kula na Gichana kabla hajamaliza.

Nilijua mambo yamekwisha. Mama Mokeira alikuwa anacheka, na Zadock huko nje sauti ilikuwa imenenepa kwa kujisikia.

"Mkwe," mama aliita, "iko moja tena. Hiyo sijui jina yake."

"Sema ilivyo, Mama."

"Imekaa kwa kona. Tangu nifike imekaa huko."

"Kwa utando?"

"Utando hakuna. Imekunja miguu juu ya kiti, haitaki iguse chini."

"Miguu ngapi, Mama?"

"Mbili."

Zadock alifikiri. "Mbili tu? Basi imepoteza hizo ingine sita. Hutokea wakipigana. Usiogope, Mama, hata hiyo haina madhara."

Gichana alikohoa. Mama Mokeira hakucheka.

"Imekonda," alisema. "Kabla ikae, inapiga kiti na kitambaa. Sufuria inafunua na kijiti. Imefunga leso mbili kwa kichwa na jasho inatoka. Kitu kikisonga kwa ukuta, inaacha kupumua. Wewe unajua hii, mkwe?"

Nilifuata macho yake mpaka kwenye kiti cha pembeni. Nyanchama alikuwa amekaa pale, miguu ameikunja chini ya gauni, mikono ameificha kwapani. Kijiti kile cha sufuria nilikuwa nakiona kila jioni nikadhani ni usafi. Zile leso nilidhani anavaa kwa heshima yangu.

Nje nilisikia kuku wakichakura. Kisha sauti ya Zadock ikaja, ndogo.

"Nyanchama?"

"Ee."

"Kwani wewe unaogopa buibui?"

"Sana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza ulinionyesha."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi," Nyanchama alisema. "Kila jioni unatoka shamba, unanishika mkono, unanionyesha moja. Unafurahi sana. Ningesema nini?"

Niliwahurumia wote wawili. Mama Mokeira aliinuka.

"Mimi nilikuja kwa sababu niliambiwa mkwe anafuga buibui," alisema kuelekea ukutani. "Si kweli, nimeona mwenyewe, na Gichana atasema hivyo huko kwetu. Lakini kwa hii nyumba buibui wanajulikana, na mtoto yangu hajulikani. Nyanchama, weka nguo kwa sanduku."

Nyanchama alipiga magoti mbele ya sanduku akaanza kukunja nguo. Sikuweza kujua kama anataka kwenda au anatii tu, kwa kuwa sikuwahi kumwona akifanya kitu kingine zaidi ya kutii.

Ghafla tukasikia kishindo chumbani. Mabati yalilia, kitu kizito kikaanguka, kikatamka jina la Mungu kwa Kijaluo. Zadock hangeweza kupita mlangoni mbele ya mama mkwe, basi alikuwa ameingia kwa dirisha la chumba cha kulala, na dirisha lile lilijengwa kwa ajili ya hewa.

"Mama asigeuke!" alipiga kelele nyuma ya pazia la mlango wa chumba. "Niko ndani! Mama aangalie huko!"

Mama Mokeira aligeukia mlango haraka, akafungua mwavuli ndani ya nyumba, akajikinga nao mgongo.

"Nyanchama," Zadock alisema nyuma ya pazia, akihema, "nawatoa. Chumba yote. Nina glasi na karatasi ngumu. Sikiza." Tukasikia glasi ikigonga ukuta. "Huyu mmoja." Kimya kidogo, kisha mkono ukigonga fremu ya dirisha. "Ameenda. Huyu wa pili. Nitatoa na sebule, mama akienda kupumzika. Kwa nyumba hatabaki hata mmoja. Kwa bustani, niwaache?"

Nyanchama alikuwa ameacha kukunja. "Kwa bustani waache," alisema.

"Sawa. Na nini ingine?"

"Ingine gani?"

"Kitu ingine sijaona. Iko?"

Nyanchama alimtazama mama yake, lakini mama yake alikuwa mwavuli mtupu. Akanitazama mimi. Nikampa ishara kwamba aseme hakuna.

"Samaki," alisema.

"Samaki gani?"

"Yote. Mnanipa kichwa kila siku, mnasema ni heshima. Iko na macho."

Hilo lilinigusa, kwa maana vile vichwa nilikuwa naleta mimi, vikubwa, nawanyima wateja.

"Na kitanda inalia," Nyanchama aliendelea, na sasa alikuwa anahesabu kwa vidole. "Na maji ya kisima iko na chumvi na mnasema hakuna chumvi. Na wewe ukiombea chakula unaomba mpaka ugali inakuwa baridi."

Gichana alitazama sahani. Nyuma ya pazia glasi ilikuwa imeacha kugonga. "Ugali inakuwa baridi," Zadock alirudia taratibu, kama mtu anayejifunza. "Na ingine?"

Hapo Nyanchama aliacha kuhesabu. Mashavu yalikuwa yamemwiva, na zile leso mbili alikuwa ameshazivua bila kujua, ziko mapajani. Nilijua kuna jambo limemfika kwenye ulimi. Nilijongea nimsaidie kulisema.

"Dada yako," alisema.

Nikasimama pale pale.

"Dada?" Zadock aliuliza. "Dada amefanya nini?"

"Anakuja kila jioni. Anakaa mpaka giza. Nikiulizwa kitu, anajibu yeye."

Nilifungua mdomo nijibu. Kisha nikaufunga.

Mama Mokeira alikunja mwavuli. Hakugeuka upande wa pazia, alikuja kinyumenyume mpaka kwenye sanduku, akapiga magoti kando ya binti yake, akamwangalia usoni kwa muda mrefu. Mtu mwenye safari hasumbuki kusema kitanda kinalia. Hata mimi, katika hali niliyokuwa nayo, niliweza kuona hivyo. Mama akatia mkono sandukuni, akatoa gauni la juu, akalikung'uta vizuri pande zote mbili, akampa. Kisha akatoa la pili.

"Endelea," alimwambia. "Mume yako anasikiza."

Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikaenda kwangu bila kuaga mtu. Roho iliniuma, sitadanganya, na nilisema nikiwa njiani maneno ambayo Msabato hasemi. Sikukanyaga pale tena mpaka Jumatano.